Kwa nini Castle hakummaliza Saint siku ya kwanza? Jibu kwa kijana wa Kibaigwa anayeandika muvi ya kisasi

Swali limetoka kwa kijana anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, nyumbani kwao Kibaigwa, kwenye lile soko la mahindi. Nimelifupisha kidogo ila maneno ni yake:

"Kaka shikamoo. Juzi hosteli tumeangalia The Punisher ya 2004, ile ya Thomas Jane na John Travolta, tukabishana mpaka saa nane usiku. Wenzangu wanasema katikati inaboa, jamaa ukoo wake mzima umeuliwa, silaha anazo, nyumba ya adui anaijua, sasa kuhangaika na hereni na faini za gari la mke wa mtu ya nini, si ampige risasi yaishe. Mimi nilikuwa naitetea ila nikakosa hoja. Nauliza pia kwa sababu naandika skripti ya muvi fupi ya kisasi, stori iko kwetu Kibaigwa sokoni, utingo wa fuso kauliwa na dalali wa mahindi alafu kaka yake anarudi kulipiza. Nimekwama mwisho, sijui amuue au asimuue. Na nitajie muvi zingine za kisasi zilizotoka kwenye komiki nijifunze."

Marahaba mdogo wangu. Uko sahihi kuitetea, wenzako nao wana sehemu yao ya ukweli, nitafika huko. Tuanze na hereni.

Watu wengi wakiimaliza ile muvi wanabaki na picha kwamba Howard Saint, yule tajiri wa uhalifu anayeigizwa na Travolta, ndiye aliyeua familia ya Frank Castle, Punisher mwenyewe, basi. Rudi uangalie tena pale baada ya Bobby, mtoto wa Saint, kufa kwenye ile oparesheni ya FBI kule Tampa ambayo Castle alijipenyeza kama askari wa siri. Saint anamtaka Castle tu. Anayesema wafe wote, familia nzima, ni Livia, mke wake, mama aliyefiwa. Alafu kazi yenyewe kule Puerto Rico kwenye mkusanyiko wa ukoo wa kina Castle inaenda kufanywa na watu wa Saint wakisimamiwa na Quentin Glass, rafiki yake wa miaka na mkono wake wa kulia. Kwa hiyo Castle akirudi mzima anakuta deni lina watu watatu, na wale watatu wanapendana na kuaminiana kweli, muvi inakuonesha hilo makusudi kabisa, Saint anampenda mkewe hadi anatisha, ana wivu wa kumtoa roho mtu aliyemtazama tu.

Sasa kaa hapo uone anachofanya steringi. Anamkamata Mickey Duka, kijana wa Saint, hampigi sana, anampata kwa ile sini ya barafu ambayo naamini mlicheka wote (jamaa kafungwa kichwa chini, anadhani anachomwa mgongo kwa moto kumbe anagusishwa barafu ya kunyonya huku nyama inachomwa pembeni asikie harufu). Kutoka kwa Duka anapata ratiba za watu, nani anaenda wapi siku gani, na siri moja ya Glass, kwamba ana mpenzi mwanaume na anaificha kwa nguvu zote. Kuanzia hapo Castle hawagusi Glass wala Livia. Anabeba bomba feki la zimamoto analiweka pembeni ya gari la Livia ili gari liandikiwe faini, na ile karatasi ya faini inakuja kuwa ushahidi dhidi yake mbele ya mumewe. Anampigia Glass simu za vitisho kumtoa nyumbani muda anaoutaka yeye. Hereni ya Livia inakutwa kwa Glass. Vitu vidogo vidogo, kila kimoja peke yake hakina maana, ila Saint akivipanga kichwani mwake vinasema kitu kimoja tu, mke wangu analala na rafiki yangu.

Na Saint anamuua Glass kwa kisu, mkono wake mwenyewe. Alafu anamchukua Livia, mwanamke analia anajitetea na anachosema ni kweli tupu, anamrusha kutoka darajani kwenye reli. Ndipo Castle anakuja na bunduki, na kabla Saint hajafa anamwambia alichofanya, kwamba rafiki hakukusaliti, mke hakukusaliti, umewaua wewe na nimekufanya mimi uwaue.

Hiyo ndiyo hoja uliyokosa hosteli. Castle angempiga Saint risasi siku ya kwanza, Saint angekufa akiwa tajiri anayependwa, na mkewe analia msibani. Angekufa bila kuonja hata tone la alichoonja Castle pale Puerto Rico. Kisasi kwenye hizi muvi zilizotoka kwenye komiki, zile nzuri nzuri, karibu zote zinazunguka hapo, adui arudishiwe maumivu yaleyale aliyoyatoa, kwa umbo lilelile, na hicho kitu risasi haiwezi. Risasi ni ya kumalizia tu.

Na ina uchungu mwingine ambao muvi yenyewe haikuusemea vya kutosha. Castle anamfanya mwanamke afe kwa uongo. Livia ana damu mikononi sawa, ila anakufa kwa kosa ambalo hakulifanya. Mimi hiyo ndiyo sini inayonikaa kuliko magari yanayolipuka mwishoni, na dairekta Jonathan Hensleigh angeipa dakika mbili zaidi hapo, Castle abaki na hilo, ingekuwa muvi kubwa sana.

Sasa upande wa wenzako. Katikati inaboa kweli, ila sababu sio hereni. Sababu ni majirani. Wale wapangaji watatu, Joan na yule kijana wa vipini usoni na yule bonge anayependa kupika, pamoja na yule Mrusi mkubwa anayekuja kupigana naye mpaka wanabomoa nyumba, wametolewa kwenye kitabu cha komiki ya Punisher cha mwandishi Garth Ennis na mchoraji Steve Dillon kilichoanza kutoka mwaka 2000. Kile kitabu kimeandikwa kwa ucheshi mkali, watu wanakufa kwa namna za ajabu na Castle hacheki hata kidogo, na ndio ladha yake. Hensleigh kachukua wale majirani akawaweka katikati ya stori ya mtu aliyefiwa na mkewe na mwanae kwa kugongwa na gari, basi unatoka kwenye kilio unaingia kwenye kichekesho cha sufuria la moto unarudi kwenye kilio. Moyo wa mtazamaji unachoka. Muvi ilitengenezwa kwa dola milioni 33, kwa muvi ya mapigano ya Marekani hiyo ni bajeti ya kubana, na ikaingiza kama milioni 54 dunia nzima, ambayo ukitoa mgao wa majumba ya sinema na matangazo sio kubwa. Muvi ya pili ilipangwa, ila Jane mwenyewe akajitoa. Ndio maana 2008 wakaanza upya kabisa na mtu mwingine.

Ila kuna sababu ya ndani zaidi kwa nini huyu mtu anaanzishwa upya kila mara, na hii ni muhimu kwako wewe unayeandika kwa hiyo nivumilie nirefushe.

Punisher alitokea mara ya kwanza kwenye Amazing Spider-Man namba 129, ya Februari 1974. Aliandikwa na Gerry Conway, na hakuja kama steringi, alikuja kama mtu aliyetumwa kumuua Spider-Man. Wasomaji wakampenda, akarudi, akarudi tena, baadaye akapewa komiki yake mwenyewe. Stori yake mnaijua, mwanajeshi aliyetoka Vietnam, mkewe na watoto wanauliwa bustanini New York kwa sababu walishuhudia majambazi wakiua. Sasa fikiria, komiki inatoka kila mwezi. Waliomuulia familia wangebaki wanatafutwa kwa miaka hamsini stori ingekuwa ya kitoto, na wakifa wote stori imeisha na kampuni haiuzi tena. Kwa hiyo waandishi wakafanya kitu kimoja kikatili, wakamfanya asiishie kwa wauaji wa familia yake, apigane na wahalifu wote, siku zote, mpaka afe. Kisasi kikageuka kuwa kazi ya kudumu. Kwenye komiki hiyo inafanya kazi vizuri tu, msomaji anamuonea huruma mtu ambaye hana pa kushukia.

Muvi haiwezi hivyo. Muvi ina masaa mawili na lazima mtu atoke ukumbini akiwa amepata kitu. Kwa hiyo kila dairekta aliyepewa Punisher amekutana na ukuta uleule, nimalize kisasi au nisimalize, na kila mmoja karuka kivyake.

Ile ya 1989, ya Dolph Lundgren, iliyopigwa Australia, ilianza wakati Castle ameshaua watu zaidi ya mia, anaishi chini kwenye mitaro ya maji machafu. Watu wengi wanaidharau kwa sababu hata lile fuvu jeupe la kifuani, alama ya Punisher, hana. Mimi naitetea kwa jambo moja. Mwishoni Castle anamuokoa mtoto wa jambazi mkubwa, alafu anamuua huyo baba, na mtoto anachukua bastola anamuwekea Castle kichwani. Castle anakaa anamsubiri. Mtoto anashindwa kufyatua. Castle anamwambia awe mtu mwema, na asipokuwa atamsubiri. Dakika hizo chache zimesema kuhusu kisasi kuliko saa nzima ya risasi iliyotangulia, kwamba ukiua baba wa mtu umeshatengeneza mwenzako.

Ya 2004 ilimaliza deni lote, alafu ikapata tatizo, Castle hana sababu ya kuishi, na kweli anakaa na bastola kidevuni mpaka anapomuona mkewe kwenye maono ndipo anaishusha. Na kwenye maneno anayoyasimulia mwenyewe anasema hiki sio kisasi ni adhabu. Naelewa kwa nini waliiweka, walitaka mlango ubaki wazi kwa muvi ya pili, ila inafuta kidogo tuliyoyaona, maana masaa mawili tumeangalia kisasi kitupu cha mtu mmoja kwa mtu mmoja.

Ya 2008, War Zone, dairekta ni Lexi Alexander, mwanamke wa Kijerumani aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa karate, na Punisher ni Ray Stevenson ambaye amefariki 2023. Iliingiza kama dola milioni 10 tu wakati iliwagharimu 35, damu nyingi, adui Jigsaw anaigiza kwa kuzidisha. Ila humo ndani kuna wazo bora kuliko yote matatu. Mwanzoni Castle anavamia genge, anaua watu wengi, na mmoja kati ya wale waliokufa ni afisa wa FBI aliyejipenyeza. Ana mke, ana binti mdogo. Castle anaenda kwa yule mjane na fedha, mjane anamfukuza, na jamaa anataka kuacha kazi yote. Hilo ndilo swali ambalo anayejichukulia sheria mkononi hawezi kulikimbia popote duniani, je ukikosea? Mahakama ikikosea kuna rufaa. Castle akikosea kuna mjane. Hapa kwetu kila mtu ameshasoma gazetini habari ya wananchi wenye hasira kali, alafu kesho yake inajulikana aliyeuliwa alikuwa anapita tu. Ukitaka muvi yako imshike Mtanzania roho, hapo pana moto.

Niseme na hili la fuvu kwa sababu nimelihangaikia muda mrefu. Ukipita Sabasaba kwenye mitumba utakuta fulana zake, kwenye bodaboda na bajaji zipo stika, vijana wanapenda na siwalaumu, mchoro ni mkali. Kule Marekani askari na polisi nao waliubeba ule mchoro, na Conway mwenyewe aliyemtunga amelalamika hadharani, kwamba polisi kuvaa alama ya mtu anayeua bila mahakama ni kutangaza kwamba sheria imeshindwa. Mwaka 2019 ndani ya komiki yenyewe polisi wanamwambia Castle tunakukubali, yeye anachana stika yao na kuwaambia wakitafuta mtu wa kumuiga wamuige Captain America. Waliotengeneza huyu mtu walijua wanachotengeneza. Wewe pia ukiandika, jua.

Haya, muvi zingine. Nitakupa zile ambazo komiki yake iliandikwa kwa kujua inaishia wapi, maana ndizo zinazofundisha.

The Crow ya 1994 ndio ya kwanza, na ukiangalia moja tu angalia hii. Iliandikwa na kuchorwa na James O'Barr, ambaye mchumba wake aligongwa na dereva mlevi akafa, akaanza kuchora akiwa jeshini kwa sababu hakujua pa kupeleka hasira. Kwenye muvi Eric Draven na mchumba wake Shelly wanauliwa usiku wa kuamkia arusi yao, Shelly hafi palepale, anateseka masaa 30 hospitali. Mwaka mmoja baadaye Eric anatoka kaburini, kunguru anamuongoza, anawafuata wale wauaji wanne mmoja mmoja na baadhi yao wanakufa kwa kitu chao wenyewe wanachokipenda, wa visu kwa visu, wa dawa kwa dawa. Wakiisha wanne Eric anarudi makaburini kulala, kazi imekwisha, hakuna cha vita isiyoisha. Anainuliwa tena kwa sababu mtoto Sarah ametekwa. Na pale juu ya kanisa anapopigana na bosi wao, anachomaliza nacho sio upanga wala risasi, anamwekea mikono na kumwambia ana kitu cha kumpa, anamuhamishia yale masaa 30 ya maumivu ya Shelly yote kwa mara moja. Umeiona? Ni hereni ileile ya Castle kwa njia nyingine. Maumivu yaleyale, kwa umbo lilelile.

Brandon Lee aliyeigiza Eric, mtoto wa Bruce Lee, alikufa kwenye utengenezaji wa muvi hiyo, Machi 31, 1993, Wilmington, North Carolina, akiwa na miaka 28. Bastola ya kuigizia ilibakiwa na kipande cha risasi kwenye mtutu bila mtu kukagua, wakapakia baruti tu bila risasi, baruti ikakisukuma kile kipande. Sini zilizobaki zikamaliziwa na mtu aliyefanana naye umbo, Chad Stahelski, ambaye baadaye ndiye aliyeongoza John Wick. Hii sikwambii kama stori ya kushangaza. Nakwambia kwa sababu wewe unaenda kupiga sini za silaha na vijana wenzako, na najua watu wanaazima bunduki ya mgambo ya kweli eti haina risasi. Usithubutu. Bunduki ya mbao iliyopakwa rangi vizuri, ikipigwa kwa mbali na usiku, hakuna atakayejua, na mlio unawekwa kwenye kuediti. Panga pia, tengeneza la mbao au la plastiki. Kama hamwezi kuitengeneza silaha ya uongo ikaonekana ya kweli, badili sini.

Ya pili Road to Perdition ya 2002, Tom Hanks, Paul Newman, kutoka kitabu cha Max Allan Collins na mchoraji Richard Piers Rayner cha 1998. Watu wengi hawajui kama ni komiki. Baba anamfanyia kazi mzee wa genge aliyemlea kama mtoto, mtoto wa kuzaa wa huyo mzee anamuulia mke na mtoto mdogo, baba anakimbia na kijana wake mkubwa kutafuta haki kwa bunduki. Nataka uangalie sini moja tu mara nyingi, ya mvua usiku. Mzee anatoka na walinzi wake kwenda kwenye gari, wanaanguka mmoja baada ya mwingine na husikii risasi hata moja, muziki tu, unaona miale ya moto gizani, na mzee anabaki amesimama kaipa mgongo bunduki, anajua ni nani. Wanatazamana. Mzee anasema anafurahi kwamba ni yeye. Hapo unamuua adui na mtazamaji analia badala ya kushangilia. Conrad Hall aliyeipiga picha muvi hiyo alifariki kabla ya kupewa Oscar yake. Tena zingatia kitu kingine, yule baba muda wote anachopigania sana sio adui afe, ni kijana wake asije kushika bunduki akawa kama yeye. Hadi mwisho.

Oldboy ya Korea ya 2003, ya Park Chan-wook, imetoka kwenye komiki ya Kijapani. Mtu anafungiwa chumbani miaka 15 bila kuambiwa kosa, siku moja anaachiwa. Sikwambii zaidi, na usimruhusu mtu akuhadithie, ila ukiimaliza jiulize nani hasa alikuwa analipiza kisasi kwa nani, utaelewa kwa nini nimeng'ang'ania hoja ya maumivu yaleyale. Ina sini ngumu sana, usiangalie na wadogo zako. Na Lady Snowblood ya Japani ya 1973, binti aliyezaliwa gerezani kwa kazi moja tu ya kulipiza, hajawahi hata kuchagua. Hiyo itafute tu, ni fupi.

Nakushauri zote hizi uangalie zikiwa na sauti yake yenyewe angalau mara ya kwanza. Nawapenda madijei wetu wa kutafsiri, mimi nimekulia banda umiza kama wengine na Lufufu alinifundisha kupenda picha kabla sijajua kusoma maandishi ya chini, ila mtafsiri anajaza kila ukimya kwa maneno, na kwenye kisasi ukimya ndio wenye stori. Ile mvua ya Road to Perdition ikisemewa imekwisha.

Sasa Kibaigwa.

Kosa ambalo nakutana nalo kwenye skripti nyingi za vijana wa hapa Dodoma ni kumhamisha Castle kama alivyo. Jamaa anavaa koti jeusi, anaishi peke yake, hajulikani. New York mtu anaweza asijulikane. Kibaigwa ukishuka kwenye basi pale barabarani, hujavuka lami mama lishe ameshauliza wewe ni mtoto wa nani. Balozi anajua umelala kwa nani. Na sisi kanda hii kujilinda wenyewe sio jambo la mtu mmoja, lina historia ya kundi. Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa Wasukuma na Wanyamwezi, Shinyanga na Tabora huko, kwa sababu ya wizi wa ng'ombe na ujambazi, wakasambaa, na lilikuwa jambo la kijiji kizima, lina viongozi, lina viapo, lina kikao. Hata Willy Gamba wa Elvis Musiba, ambaye ndiye steringi wetu mkubwa wa kwenye vitabu, anaua akiwa ametumwa na serikali, hajajituma. Kwa hiyo mtu mmoja anayelipiza kimya kimya mbele ya Mtanzania anatisha kidogo, anaonekana kama mchawi. Usiukimbie huo utisho, utumie. Watu sokoni waanze kumuogopa kaka mtu kabla hajafanya lolote.

Hujaniambia utingo kauliwa kwa nini na hilo ndilo linalokukwamisha mwisho, amini. Kisasi kinaandikwa kuanzia kwenye kosa. Nikupe mfano, ukiupenda chukua. Utingo aligundua dalali anachezea mzani, anawapimia wakulima pungufu alafu usiku magunia yanafunguliwa yanajazwa lumbesa yanaenda mjini. Akasema atasema. Dalali akamuua, akatangaza kijana kaanguka juu ya fuso akiwa amelewa, usiku, barabara ya vumbi. Na soko zima likaamini, kwa sababu dalali ndiye anayekopesha watu mbolea na ndiye aliyetoa jeneza. Mama wa marehemu amekaa msibani anapokea pole kwa mtoto mlevi, na mtoto wake hakuwahi kunywa pombe.

Hayo ndiyo maumivu. Kufa ni sehemu, ila kinachomchoma kaka mtu ni kwamba uongo umeaminika na mama yake hana wa kumsikiliza. Basi maumivu yaleyale kwa umbo lilelile maana yake ni dalali afike mahali anasema ukweli na soko zima halimuamini. Kaka mtu anaajiriwa kubeba magunia kwake. Anakuwa mwaminifu. Anajua daftari la madeni linakaa wapi, anajua karani anamuogopa bosi, anajua mshirika wake mkubwa ni nani. Ukurasa mmoja wa daftari unapotea. Gunia moja la mshirika linakutwa pungufu kilo chache, alafu tena, alafu tena. Jiwe la mzani linakutwa kwenye gari la dalali mwenyewe. Mnada wa mwisho dalali amesimama juu ya magunia anaapa kwamba safari hii hajaiba, na ni kweli hajaiba, na wale aliowadanganya kuhusu utingo wanamtazama vilevile walivyomtazama yule mama.

Ukifika hapo utaona swali lako la amuue au asimuue limepungua uzito lenyewe. Mimi nisingemuua kwa mkono wa kaka mtu. Ningemuacha kaka mtu alione lile kundi linaanza kuinama kuokota mawe, wananchi wenye hasira kali, na yeye ndiye peke yake anayejua kwamba leo wanataka kumuua mtu kwa wizi ambao hakuufanya. Aseme au anyamaze? Hiyo sini ndiyo muvi yako. Muweke karani wa dalali, kijana mdogo, awe anamwangalia kaka mtu usoni wakati huo, ajue. Na usinijibu mimi atafanya nini, kaa nayo wiki nzima kwanza, andika zote mbili, mpe mtu asiyejua stori asome.

Ya utekelezaji. Piga picha mwezi wa sita mpaka wa nane, mahindi yameingia, soko limejaa, hutalipa watu wa kujaza nyuma. Nenda ofisi ya soko mapema uongee nao, usije na kamera ghafla kwenye mzani wa mtu, utapigwa wewe kabla ya dalali. Kibali cha Bodi ya Filamu ni lazima, anza kukifuatilia hata skripti ikiwa haijanyooka sana. Na sini ya mzani ipige kwa karibu kabisa, ile sindano inavyotetemeka kabla haijatulia, mkono wa dalali uko wapi, macho ya mkulima yako wapi. Ukishaiandika hiyo nitumie kwanza kabla ya zingine zote.